Kuchambua jina la mfalme wa kale: mwongozo kamili, kwa mfano wa Melkizedeki

"Melki ni malaika, zedeki ni sadaka, kwa hiyo Melkizedeki ni malaika wa sadaka." Hili ndilo jibu ninalopewa nikiuliza maana ya jina la Melkizedeki, mfalme wa Salemu katika Mwanzo 14, nami nimelisahihisha mara nyingi kiasi kwamba nikiamshwa usingizini naweza kulitamka. Nusu yake imegusa ukweli, nusu imepotea kabisa, na kila anayelitoa hajui ipi ni ipi. Hapo ndipo tatizo lilipo.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtaji ambao wengi hawana. Tumebeba mamia ya maneno ya Kiarabu, na Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania. Lakini mtaji huohuo ndio unaotuangusha: sikio likisikia mfanano tu, tunafunga daftari. Mwongozo huu ni wa kulifungua tena.

## Vitu utakavyohitaji

- Biblia yako ya Kiswahili. Ninatumia Union Version, kwa hiyo naandika Melkizedeki kama ilivyo humo.
- Maandishi ya Kiebrania yenye alama za irabu na namba za Strong, yaani namba ambayo kila neno la Kiebrania la Biblia limepewa ili ulipate kirahisi. Programu za simu za bure zinatosha.
- Itifaki, yaani orodha ya maneno ya Biblia na aya yanamopatikana, ili uweze kutafuta majina yanayofanana.
- Kamusi ya Kiebrania cha Biblia inayopanga maneno kwa mizizi.
- Kamusi ya Kiarabu, au jirani aliyesoma madrasa vizuri. Jirani ni bora, maana atakusahihisha matamshi.
- Daftari lenye safu tatu: *Nina hakika*, *Inawezekana*, *Nimedhani*. Usiache safu ya tatu. Wanaoiacha ndio wanaoandika dhana zao katika safu ya kwanza.

Huhitaji kujua Kiebrania. Unahitaji kuzitambua herufi zake 22, kazi ya jioni chache.

## Hatua ya 1: Uliza kwanza mfalme huyu ni wa wapi

Watu wanaruka hatua hii, kisha wanapoteza wiki nzima. Si kila jina lililo katika maandiko ya Kiebrania ni la Kisemiti, familia ya lugha yenye Kiebrania na Kiarabu. Farao limetoka Kimisri, "nyumba kubwa". Dario na Ahasuero ni majina ya Kiajemi, na Kiajemi si Kisemiti. Katika sura ileile ya Mwanzo 14 anamotokea Melkizedeki, Kedorlaoma ni mfalme wa Elamu, na jina lake linaeleweka kwa Kielamu: *kutir* pamoja na jina la mungu Lagamari aliyeabudiwa Susa. Ukilitafutia mzizi wa Kiebrania utaupata, kwa sababu anayetafuta kwa nguvu hakosi, lakini utakuwa umeokota jiwe ukaliita embe.

Melkizedeki ni mfalme wa Salemu. Zaburi 76:2 inaiweka Salemu sambamba na Sayuni, yaani Yerusalemu. Tuko Kanaani, nchi ya lugha za Kisemiti, kwa hiyo tunaweza kuendelea.

Tahadhari: jina halithibitishi damu. Abimeleki wa Gerari anaitwa mfalme wa Wafilisti (Mwanzo 26:1), lakini jina lake ni la Kisemiti tupu. Sisi ambao tuna akina Joseph na Halima katika kila kabila tunapaswa kulielewa hili haraka kuliko mtu yeyote.

## Hatua ya 2: Liandike jina kwa herufi zake, si kwa masikio yako

Fungua Mwanzo 14:18 kwa Kiebrania. Utaona mem, lamedi, kafu, yodi. Kisha tsade, daleti, kofu. Kwa herufi zetu: *m-l-k-y* na *ts-d-q*.

Angalia kilichopotea njiani. Kiswahili kimeandika "k" mbili zinazofanana, lakini katika Kiebrania ni herufi mbili tofauti: ya kwanza ni kafu, ya mwisho ni kofu, inayotamkwa nyuma kooni kama qafu ya Kiarabu. Nayo "z" yetu si zayini, "z" ya Kiebrania. Ni tsade, ndugu wa sadi ya Kiarabu. Mtu akitafuta mzizi wa *z-d-k* kwenye kamusi hatapata kitu, kisha atalaumu kamusi.

Umefaulu hapa ukiweza kuliandika jina bila irabu hata moja na bila kutazama Biblia ya Kiswahili.

## Hatua ya 3: Kata pale lilipounganishwa

Majina mengi ya wafalme wa kale wa Kisemiti ni sentensi fupi au vifungu vya maneno. Lazima uyakate, ila usiyakate kama muwa.

Kwa Melkizedeki tuna bahati. Maandishi ya Kiebrania yenye irabu yanaliandika jina katika sehemu mbili zilizounganishwa kwa kistari: *Malki-tsedeq*. Hati moja ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, iliyotoka pango la 11, lililogunduliwa mwaka 1956, nayo inaliandika kwa maneno mawili. Kigiriki ndicho kilichoyagandisha kuwa neno moja, nasi tukalipokea hivyo.

Pasipo na kistari, tumia itifaki. Kipande kimojawapo kikirudi kwenye majina mengine angalau mawili, mkato wako una msingi. *Malki-* inarudi katika Malkieli, Malkiya, Malkishua na Malkiramu. *-tsedeq* inarudi katika Adoni-sedeki, mfalme wa Yerusalemu wa Yoshua 10:1. Andika yote hayo kwenye daftari. Tutayahitaji sana katika hatua ya 6.

## Hatua ya 4: Tafuta mzizi, na umwache malaika aende zake

Maneno mengi ya Kisemiti yamejengwa juu ya konsonanti tatu. Kazi yako ni kuzipata hizo tatu na kuvua kila kilichovikwa juu yake.

*Malki* ina m-l-k, mzizi wa ufalme na utawala. Neno la Kiebrania la mfalme, *melek*, ni namba 4428 kwa Strong.

Sasa yule malaika. Kwa Kiebrania ni *malakh*, namba 4397, na kwa sikio la Kiswahili ni pacha wa melek. Lakini "m" ya malaika si ya mzizi. Ni kiambishi, kama "m" ya "mjumbe" wetu. Mzizi wake ni l-ʾ-k, wenye maana ya kutuma, na herufi ya katikati ni alefu, ile ambayo hatuitamki. Mfalme na malaika hawana undugu wowote. Nakiri kwamba nilipoanza niliwahi kufundisha kinyume chake mbele ya darasa zima, kwa ujasiri wote, mpaka mzee mmoja aliyejua Kiarabu akaniuliza taratibu, "Mwalimu, hiyo hamza umeipeleka wapi?" Hamza ni alama ya Kiarabu ya sauti hiyohiyo ya alefu.

*Tsedeq* ina ts-d-q: haki, unyoofu, kuwa sawasawa. Namba 6664.

## Hatua ya 5: Vuka kwenda Kiarabu na Kiswahili kwa daraja, si kwa kuruka

Hapa ndipo mtaji wetu unapoleta faida. Lakini sauti za Kiebrania na Kiarabu zinalingana kwa kanuni, na lazima uzifuate hata pale zinapokuharibia hoja nzuri. Zile utakazozitumia zaidi:

- "Sh" ya Kiebrania mara nyingi ni "s" ya Kiarabu: *shalom* ni salama na salamu. Mara nyingine ni "th": *sheloshim* ni thelathini, *shemonim* ni themanini.
- "Z" ya Kiebrania inaweza kuwa "dh" ya Kiarabu: *zahav* ni dhahabu.
- "Ts" ya Kiebrania inabeba sauti tatu za Kiarabu zilizoungana: sadi, dhadi na dha nzito. *Erets* ni ardhi. *Tsedeq* ni *sidq*.
- "O" ndefu ya Kiebrania mara nyingi imetoka kwenye "a" ndefu. Ndiyo maana wao wana shalom na sisi tuna salama.

Pitisha vipande vyetu. M-l-k inavuka bila kubadilika: *malik*, nasi tuna malkia, mamlaka, milki na kumiliki. Ts-d-q inavuka kuwa s-d-q, nasi tuna sadaka na kusadiki, na watu wanaoitwa Sadiki.

Kwa hiyo aliyesema "zedeki ni sadaka" aligusa mzizi, lakini aliikosa maana. Undugu wa mzizi haumaanishi kwamba maneno yana maana moja. Katika Kiarabu mzizi huu umeegemea ukweli, katika Kiebrania umeegemea haki, na sadaka ni tawi moja tu, lile la kuthibitisha unyoofu wako kwa kutoa. Neno la Kiswahili likuonyeshe mlango ulipo. Halitoshi kuwa shahidi wa kilichomo ndani.

Ukikuta neno la Kiswahili linalofanana na jina lako lakini kanuni za sauti hazilikubali, liandike safu ya tatu na ulipigie mstari. Usilifute. Litakukumbusha ulipotaka kujidanganya.

## Hatua ya 6: Ile "i" ndogo ya katikati

Kaa hapa. Mwenye haraka anafika hapa akiwa na "mfalme" mkono mmoja na "haki" mkono mwingine, anavifunga pamoja na kwenda kulala. Lakini vinaungwa na nini? Na *malki*, si *melek*, na hiyo "i" inaweza kuwa moja ya vitu viwili.

Inaweza kuwa "wangu". Kwa Kiebrania *malki* ni "mfalme wangu", kama *adoni* ilivyo "bwana wangu". Au inaweza kuwa irabu ya zamani ya kuunganisha, isiyo na maana yake yenyewe, inayofanya kazi kama "wa" yetu. Kutoka hapo unapata usomaji zaidi ya mmoja:

Mfalme wa haki. Hapa "i" ni kiungo. Ndivyo Waebrania 7:2 inavyolitafsiri, na Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, analieleza kuwa mfalme mwadilifu.

Mfalme wangu ni haki, au ni mwadilifu. "I" ni "wangu", na jina ni sentensi.

Mfalme wangu ni Sedeki. "I" bado ni "wangu", lakini Sedeki ni jina la mungu wa Kikanaani. Usishtuke. Philo wa Byblos (mji wa Wafoinike), aliyeandika habari za dini yao, anamtaja Sydyk, na kueleza kuwa maana yake ni mwadilifu.

Utachaguaje? Waite ndugu wa jina uliowaandika katika hatua ya 3, uwapange mstari. Malkieli: mfalme wangu ni Eli. Malkiya: mfalme wangu ni Yahu. Katika hawa wawili, kipande cha pili ni jina la Mungu, na ungekuwa nao peke yao ungesema usomaji wa tatu umeshinda. Lakini waangalie waliobaki. Malkishua, mwana wa Sauli: mfalme wangu ni wokovu. Malkiramu, mwana wa Yekonia: mfalme wangu ametukuka. Hapa kipande cha pili ni sifa. Ndugu wamegawanyika wawili kwa wawili, na hakuna ujanja wa kisarufi utakaoondoa sare hiyo.

Lakini kuna jambo moja ambalo wote wanne wanakubaliana. "Mfalme" ndani ya majina haya anaonekana kuwa ni Mungu aliyetajwa kwa cheo. Mzazi anampa mtoto jina la kumsifu Mungu, kama wetu wanavyoita Neema au Abdala. Hapo ndipo ninapoegemea: "mfalme wangu ni mwadilifu", ambapo mfalme huyo ni mungu anayeabudiwa, si mtoto aliyelala kitandani. Safu ya pili ya daftari, si ya kwanza.

Anayehubiri Waebrania 7 asiogope. Mwandishi wa waraka anatumia jina kufundisha, na usomaji wake ni mmoja wa ile ambayo sarufi inaruhusu. Kosa ni kusema kwamba ndio pekee uwezekanao.

## Hatua ya 7: Toka nje ya Biblia

Jina linalosimama kwa kitabu kimoja tu linasimama kwa mguu mmoja. Tafuta maandishi ya majirani. Kwa Melkizedeki kuna mashahidi wanne wazuri.

Barua za Amarna, zilizogunduliwa Misri mwaka 1887, nyingi ziliandikwa na watawala wa Kanaani wa karne ya 14 KK. Humo kuna Milkilu wa Gezeri, yaani m-l-k pamoja na *ilu*, mungu. Kwa hiyo majina ya kundi la *Malki-* yalikuwepo kweli katika nchi ile zamani zile.

Humohumo yuko mtawala wa Yerusalemu, ambaye jina lake kwa kawaida husomwa Abdi-Heba. *Abdi* unaijua: mtumishi, mzizi wa ibada na wa kina Abdala. Lakini Heba ni mungu wa kike wa Wahuri, watu wasio Wasemiti. Jina moja, nusu Kisemiti na nusu si Kisemiti, tena katika mji huohuo. Kila unapotaka kusema "jina zima ni la Kiebrania", mkumbuke Abdi-Heba.

Kutoka Byblos kuna maandishi ya mfalme Yehimilki, yapata karne ya 10 KK, anayejisifu kuwa *mlk sdq*, mfalme wa haki, mbele ya miungu ya mji wake. Herufi ni zilezile, ila bila "i". Huyu anaupa nguvu usomaji wa kwanza, na kwa sababu yake siuvuki kirahisi.

Kutoka Babeli yuko Ammi-saduka, mfalme wa nasaba ya Hammurabi. *Saduka* ni mwadilifu. Na *ammi*? Sema kwa Kiswahili: ami. Ni yuleyule ami yetu, ndugu wa baba, hapa likiwa cheo cha heshima cha mungu wa ukoo. "Ami ni mwadilifu." Weka jina hili kando ya "mfalme wangu ni mwadilifu" uone yanavyolingana.

Tahadhari: kufanana na jina maarufu si ushahidi. Zamani wasomi wengi walimfanya Amrafeli wa Mwanzo 14:1 kuwa Hammurabi mwenyewe. Wazo hilo limeachwa na wengi, na sababu mojawapo ni "l" ya mwishoni ambayo haipati maelezo ya kuridhisha. Konsonanti moja isiyo na kwao inatosha kuiangusha hoja ya kurasa mia.

## Hatua ya 8: Andika jibu lako kwa ngazi

Jibu zuri la Melkizedeki linasomeka hivi: *Hakika:* jina ni la Kisemiti, la vipande viwili, m-l-k (ufalme) na ts-d-q (haki). *Inawezekana:* "mfalme wangu ni mwadilifu" au "mfalme wa haki". *Dhana yenye hoja:* Sedeki ni jina la mungu. *Limekataliwa:* malaika.

Mistari minne tu. Ikiwa lako limezidi nusu ukurasa, kuna mahali unajaribu kumshawishi mtu badala ya kumweleza.

## Majina ya kujipima

Sauli. Kwa Kiebrania ni *Shaul*, mzizi sh-ʾ-l. Geuza "sh" kuwa "s", usiitupe alefu, na utafika kwenye *saala* ya Kiarabu, ambayo kwetu imezaa swali na suala. Maana: aliyeombwa. Kisha soma 1 Samweli 1:20, ambapo Hana anaeleza jina la Samweli kwa kitenzi hichohicho cha kuomba, kinachomfaa Sauli kuliko Samweli. Andika hilo daftarini. Maandiko yanapoeleza jina, wakati mwingine yanacheza na sauti kwa makusudi, kama Babeli inavyofungwa na kuchafuka kwa lugha katika Mwanzo 11:9, ilhali wenyeji waliuelewa mji wao kama *bab-ili*, lango la mungu.

Nebukadneza. Huyu alitawala Babeli mwaka 605 hadi 562 KK, kwa hiyo hatua ya 1 inakupeleka kwenye Kiakadi, lugha ya kale ya Babeli, si Kiebrania. Jina kamili ni *Nabu-kudurri-usur*: "Ee Nabu, mlinde mrithi wangu." Kiebrania cha Yeremia na Ezekieli mara nyingi kinamwandika kwa "r", Nebukadreza, na umbo hilo ndilo lililo karibu zaidi na la kwao. Mtego uko kwenye *usur*. Sikio litakupeleka mbio kwa nusura na Nasoro. Usiende. Kitenzi cha kulinda kwa Kiebrania ni *natsar*, na kwa Kiaramu ni *netar*, kwa "t" nzito. Mahali Kiebrania kina "ts" na Kiaramu kina "t" nzito, Kiarabu huwa na dha nzito. Kwa hiyo ndugu yake halisi ni *nadhara*, kutazama, iliyotupatia nadharia. Mlinzi ni mtu anayetazama.

Adoni-bezeki, Waamuzi 1:5. Huyu nakuachia. *Adoni* unaijua tayari. Kabla hujaandika "bwana wangu", soma aya hiyo mpaka mwisho uangalie walimkuta mji gani, kisha rudi hatua ya 6 uitazame upya ile "i".